Afisa wa Ustawi na Siri za Wafungwa

Kazi nyingi duniani zina bwana mmoja. Tabibu hutumikia mgonjwa wake, wakili hutumikia mteja wake, na mwalimu, japokuwa hulipwa na serikali, hutumikia wanafunzi wake. Nataka, msomaji, uitazame pamoja nami kazi moja yenye mabwana wawili ambao aghalabu hawapatani. Kazi hiyo ni ya afisa wa ustawi wa jamii katika gereza. Bwana wake wa kwanza ni gereza lenyewe, ambalo lamtaka alinde amani, atii amri na apeleke habari. Bwana wake wa pili ni mfungwa, ambaye kama angemwamini angemweleza mambo asiyopata kumwambia mtu mwingine yeyote. Wako watu wasemao kwamba katika shauri hili hapana ugumu wowote: mshahara watoka serikalini, basi siri zote na ziende serikalini. Nimeshika kalamu kuwapinga watu hao.

Yafaa kwanza tujue afisa huyu ni nani. Katika nchi yetu wako wa namna mbili. Wa kwanza ni afisa wa ustawi aliye ndani ya gereza, ambaye mara nyingi huwa ni askari wa magereza mwenyewe, mwenye sare na cheo, aliyepewa kazi ya kushughulikia shida za wafungwa: barua isiyojibiwa, mke asiyekuja kuzuru, mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, shamba linalomegwa na ndugu wakati mwenyewe yuko kifungoni. Wa pili ni afisa wa probesheni, ambaye idara yake ilianza kazi katika Kenya mwaka 1946. Huyu huingia gerezani na kutoka, huandika taarifa za mahakama, naye humwandalia mfungwa njia ya kurudi kwao.

Kazi yao si hisani ya mkuu wa gereza yeyote. Mwaka 1955 mataifa yalikutana Geneva yakaweka kanuni za chini kabisa za kuwatendea wafungwa, na mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulizitengeneza upya na kuzipa jina la Nelson Mandela, mtu aliyekaa kifungoni miaka 27. Kanuni ya 78 yasema kwamba gereza liwe na wafanyakazi wa jamii, nao wawe wa kudumu, si wa kupita. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 51, yasema kwamba mtu aliyefungwa hubaki na haki zake zote, ila zile tu ambazo haziwezi kabisa kupatana na hali ya kufungwa. Tazama maneno hayo kwa makini. Uhuru wa kwenda sokoni haupatani na kifungo, nao umeondoka. Lakini je, haki ya mtu ya kutunziwa siri yake, nayo haipatani na kifungo? Mimi sioni kwa nini.

Sasa tuseme kijana wa miaka 20, mahabusu wa kesi ya wizi, aja mbele ya afisa wa ustawi. Asimama wima, mikono nyuma, kama alivyofundishwa. Asema, “Afande, usiku sipati usingizi.” Afisa amkalisha kitini, ampa muda, na baada ya nusu saa habari yatoka yote. Ndani ya chumba chao mna simu iliyoingizwa kwa siri. Wenye simu ni wazee wa chumba, lakini anayelazimishwa kuificha ni yeye, kwa kuwa yeye ni mdogo na hana ndugu wa kumtetea. Akikataa, watampiga, simu ikionekana, ataadhibiwa yeye. Alilia, akanyamaza, kisha akauliza, “Hutasema, afande?”

Msomaji, kabla hujaendelea, jibu swali hilo wewe mwenyewe. Usilijibu upesi.

Ukisema afisa aende moja kwa moja kwa mkuu wa gereza, jua yatakayofuata. Chumba kitapekuliwa, simu itapatikana, na kabla jua halijatua kila mtu atajua ni nani aliyekwenda ofisini asubuhi ile. Gereza ni kijiji kidogo, na kijiji hakikosi wahesabuji. Kijana ataumizwa. Tena, na hili ndilo kubwa zaidi, tangu siku ile hapana mfungwa atakayeketi katika kiti kile na kusema neno la kweli. Watakuja kuomba sabuni na stempu, watashukuru na kwenda zao. Gereza litakuwa limepata simu moja na kupoteza afisa mmoja, ingawa jina lake litaendelea kuandikwa katika orodha ya mishahara.

Walakini ukisema afisa anyamaze tu, nawe hujafika. Simu ya gerezani si kitu cha mchezo. Wakenya wengi wamepata kupigiwa simu na mtu mwenye sauti ya upole, ajifanyaye karani wa kampuni au jamaa aliyekosea kutuma fedha, nao wakapeleka akiba yao kwa mtu aliyekaa nyuma ya kuta za gereza. Yamkini simu aifichayo kijana yule ndiyo itakayomnyang'anya bibi mmoja fedha za mbolea. Sitaki kulifunika jambo hilo. Kutunza siri kuna gharama, na wakati mwingine gharama hulipwa na mtu asiye na hatia. Anayetetea siri za wafungwa bila kukiri hayo atakuwa anakuuzia mbuzi ndani ya gunia.

Hukumu yangu ni hii. Afisa hana ruhusa ya kumtoa kijana yule. Ana wajibu wa kumtafutia chumba kingine, kwa njia za kawaida za kazi yake na bila kusema uongo. Na kuna njia, kwa maana mahabusu huhamishwa kila wiki kwa sababu nyingi. Kutafuta simu ni kazi ya askari wenye zamu na upekuzi, nao wapo, wamefundishwa na wanalipwa kwa hiyo. Kama wao wameshindwa kuiona simu ilipokuwa ikipita langoni, si haki kuwaponya aibu yao kwa mgongo wa mtoto. Lakini kama kijana angesema kwamba simu ile inatumika kupanga mauaji, au kwamba yeye mwenyewe amekwisha kusuka kamba ya kujinyonga, basi siri imekoma. Hapo afisa hana budi kusema, na kusema leo, si kesho. Zaidi ya hayo, mpaka huo mfungwa aambiwe mapema, kabla hajafungua kinywa: “Utakayoniambia ni yako, ila yale yatakayohatarisha maisha yako au ya mwenzako.” Afisa anayengoja mpaka maneno yamekwisha kutoka ndipo ataje mpaka huo, huyo ametega mtego, hata kama nia yake ilikuwa njema.

Mpaka huu sikuubuni mimi. Wafanyakazi wa jamii wa ulimwengu, walipokutana Dublin mwaka 2018, waliandika katika misingi ya maadili yao kwamba siri ya mtu huheshimiwa isipokuwa pawepo hatari ya madhara au sheria itake vingine, na kwamba mtu aelezwe mipaka hiyo. Na Kanuni za Mandela, katika kanuni ya 32, zampa tabibu wa gereza jambo lilo hilo: habari za ugonjwa wa mfungwa ni siri, isipokuwa pawepo hatari ya kweli na ya karibu kwa mgonjwa au kwa wengine. Hapa ndipo nina ugomvi na kanuni zenyewe. Zamtaja tabibu na wenzake wa afya; mfanyakazi wa jamii hazimtaji. Kidonda cha mguu kimewekewa kinga, lakini aibu, woga na maovu ya utotoni aliyotendewa mtu, ambayo ni vidonda vya ndani zaidi, vimeachwa vitegemee tabia ya afisa na hisani ya mkubwa wake. Hapana hoja iwezayo kuhalalisha tofauti hiyo.

Wataalamu wa lugha husema kwamba neno gereza lilitoka kwa Wareno, na katika lugha yao maana yake ilikuwa kanisa. Huko Mombasa, Ngome ya Yesu ambayo Wareno waliijenga kati ya mwaka 1593 na 1596 ilitumiwa na Waingereza kuwa jela tangu 1895 hata 1958. Kanisani mtu huungama, na asikiaye ungamo hulifunga moyoni. Gerezani mtu huhojiwa, na asikiaye huandika. Afisa wa ustawi amewekwa katikati ya mambo hayo mawili, na wasemao kwamba ni jambo jepesi hawajapata kukaa katika kiti chake.

Tuiache simu, tuje kwenye karatasi. Afisa wa probesheni hupelekwa na mahakama akachunguze habari za mshtakiwa au mfungwa: alilelewa wapi, majirani wamwonaje, aliyekosewa asemaje, chifu asemaje. Taarifa yake husomwa na hakimu kabla ya kutoa dhamana au hukumu, nayo hutumika pia mfungwa anapoomba msamaha wa Rais. Uzito wa kalamu hiyo ulionekana wazi baada ya tarehe 14 Desemba 1917 kupita miaka mia moja kamili, yaani tarehe 14 Desemba 2017, Mahakama ya Juu ilipoamua katika kesi ya Muruatetu kwamba haifai sheria kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kwa kila muuaji. Wafungwa waliokuwa wamekata tamaa walirudishwa mahakamani wakahukumiwe upya, na taarifa za maafisa hao ziliwekwa mbele ya majaji. Mtu aliyekuwa amefungwa miaka 15 sasa ilimpasa angoje kurasa chache zilizoandikwa na afisa aliyekwenda kijijini kwao siku moja.

Waza majaribu ya siku hiyo moja. Jamaa ya mfungwa wamechinja kuku. Shemeji ataka “kusaidia nauli”. Upande wa pili wa kijito waishi jamaa ya marehemu, nao hawakuchinja kitu; wamekaa kimya wakitazama ni mlango upi afisa ataanza kubisha. Na afisa mwenyewe amezungumza na mfungwa kwa miezi mingi, amemwona akijifunza useremala, amempenda kama ndugu. Huruma hiyo ni njema, lakini yaweza kupotosha kalamu sawasawa na nauli ya shemeji. Akificha kwamba jamaa ya marehemu wana hofu, amewadhulumu. Akizidisha hofu yao ili wakubwa wasije wakamwita mlegevu, amemdhulumu mfungwa. Kwa hiyo nasema kwamba afisa aliye mwaminifu huandika hata lile linalomuumiza mtu anayemtetea, kisha humwonyesha mfungwa aliloliandika na kumweleza sababu, uso kwa uso. Ni rahisi zaidi kumwacha alisikie mahakamani. Rahisi ndivyo ilivyo, na ya kuogopa ndivyo ilivyo.

Huenda, msomaji, waona kwamba nakuza mambo madogo. Basi tufungue historia ya nchi yetu wenyewe, wakati wa Hali ya Hatari. Mwezi wa Desemba 1954 aliwasili Kenya mwanamke mmoja Mwingereza, Eileen Fletcher, wa madhehebu ya Wakweka, aliyeajiriwa na serikali ya kikoloni kuwa afisa wa urekebishaji. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia wanawake waliofungwa. Aliyoyaona hayakupatana na neno urekebishaji. Baada ya miezi michache alijiuzulu, na mwaka 1956 akayaandika katika gazeti la Peace News huko Uingereza. Miongoni mwa mengine alisema kwamba katika Kamiti aliona wasichana wa miaka 11 na 12 waliohukumiwa kifungo cha maisha. Shauri lilifika katika Bunge la Uingereza. Serikali ilimpinga, ikabishana hasa juu ya umri wa wasichana hao, na mwanamke yule akasemwa vibaya. Tafakari jambo hilo: serikali ilijitetea kwa kuhesabu miaka ya wasichana, kana kwamba kifungo cha maisha ni halali mradi aliyefungwa awe amezidi kidogo.

Mkubwa wa kazi hiyo ya urekebishaji alikuwa Thomas Askwith. Mwaka 1953 alikuwa amepelekwa Malaya kutazama mambo yalivyoendeshwa kule, akarudi na mpango wa kuwafundisha waliozuiliwa kazi na elimu. Alipoona kwamba katika kambi watu wanapigwa ili wakiri, alilalamika kwa wakubwa wake kwa maandishi. Malalamiko hayakupendeza, naye akaondolewa katika kazi ile. Kisha tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, watu 11 waliozuiliwa walipigwa hata kufa. Habari ya kwanza iliyotolewa na serikali ilisema kwamba walikuwa wamekunywa maji. Uchunguzi ulithibitisha kwamba walikufa kutokana na mapigo.

Nimeyasimulia haya kwa sababu yanajibu hoja ya wapinzani wangu kuliko maneno yangu yote. Wao husema, afisa atumikie aliyemwajiri. Fletcher na Askwith waliajiriwa na serikali ya kikoloni. Kama wangemtumikia mwajiri kwa namna itakiwayo na wapinzani hawa, Fletcher angeandika kwamba wasichana wanafuma vikapu vizuri, na Askwith angeandika kwamba nidhamu imeimarika. Tena ujue kwamba karatasi hazifi upesi. Mwaka 2011 zilifichuliwa hati nyingi za makoloni zilizokuwa zimefichwa Hanslope Park, Uingereza, na mwaka 2013 serikali ya nchi hiyo ilieleza masikitiko yake mbele ya Bunge na kukubali kuwalipa wazee wa Kenya 5,228 walioteswa katika kambi zile pauni milioni 19.9. Wengi wa wenzao walikuwa wamekwisha kufa. Kuchelewa huko kulitokana kwa sehemu kubwa na watu walioona na wasiandike, au walioandika kile tu ambacho wakubwa walipenda kukisoma.

Basi siri ya mfungwa na uovu wa gereza si vitu vya namna moja. La kwanza ni mali ya mfungwa. La pili si mali ya mtu awaye yote, wala hapana afisa aliyeapa kulificha. Inashangaza jinsi watu walio wepesi kutaka siri za wafungwa zitolewe walivyo wepesi vile vile kutaka mapigo ya askari yafichwe. Wanaita yote mawili uaminifu.

Niongeze jambo moja la gereza la wanawake, ingawa ni fupi. Sheria yetu ya Magereza humruhusu mama mfungwa kukaa na mtoto wake mchanga mpaka mtoto atimize miaka minne. Katika Lang'ata na kwingineko watoto hao wamejifunza kutembea katika ua wa gereza. Siku ya mwaka wa nne inapokaribia, afisa wa ustawi hutafuta jamaa wa kumpokea, au makao ya watoto. Kisha mama huuliza, wiki baada ya wiki, “Mwanangu yu hali gani?” Na kama nyanya amechoka, na mtoto hali wala halali, afisa ajibu nini? Uongo wa huruma uko karibu na ulimi. Nawaheshimu waliousema, lakini sikubaliani nao. Mama yule amenyang'anywa kila kitu isipokuwa kuwa mama, na mama asiyejua hali ya mtoto wake hawezi kumwamulia lolote. Aambiwe kweli, na afisa akae naye mpaka atakaponyamaza.

Nini basi kifanyike? Nasikia ikisemwa kwamba dawa ni kuchagua maafisa wenye tabia njema. Tabia njema ni kitu kizuri, lakini haifai serikali iweke watu wema mahali pabaya kisha iwalaumu wanapoanguka. Afisa wa ustawi avuliwe sare. Mfungwa anayemwita mtu afande anasema na cheo, na cheo hakitunzi siri. Asitiwe katika baraza la kuwahukumu wafungwa kwa makosa ya gerezani, kwa maana hawezi kuwa sikio lao asubuhi na hakimu wao jioni. Awe na mkubwa wa kazi yake aliye nje ya gereza lile, ambaye atampelekea habari za mapigo bila kupitia kwa aliyepiga. Na daftari yake ya mazungumzo iwe chini ya mkono wake mwenyewe. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 imekwisha kutufundisha kwamba habari za mtu hazimo ovyo mikononi mwa kila anayezitaka.

Watauliza juu ya fedha, kama waulizavyo siku zote yanapotajwa mambo ya wafungwa. Kuvua sare hakugharimu kitu. Kumwondoa afisa katika baraza la adhabu hakugharimu kitu. Linalobaki ni kabati moja la chuma lenye kufuli, na ufunguo mmoja usiotundikwa katika ofisi ya mkuu wa gereza.